Kaka anataka nusu ya kampuni yangu ya sabuni. Nimpe?

SWALI

Shangazi, salamu nyingi kutoka Busia, upande wetu wa Uganda.

Nina miaka 36, nimeolewa, nina watoto watatu. Natengeneza sabuni ya maji. Nilianza mwaka 2018 na beseni moja jikoni. Leo nina mapipa mawili ya lita 200, mashine ya kukorogea na vijana wanne wa kunisaidia. Nauzia saluni, mikahawa na maduka ya hapa mjini na Tororo. Mauzo yanafika kama shilingi milioni 9 za Uganda kwa mwezi. Nimesajili jina la biashara tu, na leseni ya manispaa nalipia kila mwaka.

Mwezi uliopita hospitali moja ya binafsi iliniita. Wanataka jerikani za lita 20 kila wiki, jumla kama milioni 5 kwa mwezi, mkataba wa mwaka mzima. Lakini mtu wao wa manunuzi amesema hawaandikiani na mtu binafsi, nilete cheti cha kampuni. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Kaka yangu mkubwa anafanya kazi Juba. Mwaka 2022 alinitumia milioni 18, ndizo nilizonunulia mashine na kulipia chumba. Hatukuandika kitu, nilijua ni ndugu ananishika mkono. Aliposikia habari ya kampuni akasema nusu ni yake. Tena hataki jina lake lionekane, anataka niandike jina la rafiki yake. Mume wangu naye anasema kama kuna mtu wa kupewa nusu basi ni yeye, kwa sababu kiwanja nilichowekea dhamana mkopo wangu wa SACCO, milioni 6, ni chetu sote wawili.

Kijana mmoja anayewaandikia watu makaratasi hapa mjini ananishauri tuandike mtaji wa hisa milioni 500 ili tuonekane wakubwa. Anasema ni namba tu, hailipwi. Na rafiki yangu anasema nikishapata kampuni, deni langu la malighafi kule Nairobi, shilingi 140,000 za Kenya, halitanihusu tena. Ni kweli?

Naogopa kuikosa hospitali, na naogopa zaidi kukosana na kaka. Baba alipofariki yeye ndiye aliyenilipia karo.

Mama Sabuni, Busia

JIBU

Mama Sabuni mwanangu,

Fungua kampuni, lakini nusu usimpe mtu. Si kaka, si mume. Nakwambia hivi mapema kwa sababu najua utakuwa unasoma huku mtu wa manunuzi anakupigia simu, na haraka hiyo ndiyo itakayokufanya utie sahihi mahali usipopaswa.

Kwanza uone unachokwenda kuanzisha. Jina la biashara ulilonalo ni wewe mwenyewe uliyevaa kanga nyingine. Ikidaiwa biashara unadaiwa wewe, na anayekudai anaweza kufika hadi kwenye kiwanja na kitanda. Kampuni ya Limited ni mtu mwingine kabisa mbele ya sheria. Ina jina lake, namba yake ya kodi, akaunti yake, na madeni yake. Inashtaki na kushtakiwa. Wewe mwenye hisa unabanwa kwa kiasi cha hisa ulizochukua, basi.

Msingi huu uliwekwa imara mwaka 1897, kwa kesi ya fundi viatu wa London aliyeitwa Aron Salomon. Aliuza biashara yake kwa kampuni aliyoiunda mwenyewe. Wanahisa walikuwa yeye, mkewe na watoto wao watano. Kila mmoja wa familia alikuwa na hisa moja, na yeye alishika zilizobaki, zaidi ya 20,000. Kampuni ikaanguka muda si mrefu. Mfilisi, yaani msimamizi wa mali ya kampuni iliyoanguka, akasema huyu mzee na kampuni yake ni kitu kimoja, alipe madeni mwenyewe. Mahakama ya juu ya Uingereza ikakataa, ikasema kampuni ikishasajiliwa kihalali ni mtu mbali na wenye hisa, hata kama wote wanakula sahani moja. Mahakama zetu Uganda zinafuata msingi huohuo.

Kwa hiyo kwa mtu anayeshika kostiki na asidi kila siku, na anayekwenda kuingia mkataba wa mwaka mzima na hospitali, kampuni inakufaa. Ungekuwa unauza jerikani tatu kwa wiki kwa majirani ningekwambia kaa na jina la biashara, gharama na makaratasi ya kampuni hayana faida kwako.

Sasa hiyo milioni 500. Mwanangu, hapa nilishtuka. Ile si namba tu. Unaposajili, serikali inatoza ushuru wa stempu wa 0.5% ya mtaji wa hisa, yaani thamani ya hisa zote zilizoandikwa. Kwa milioni 500 ni 2,500,000, zimekwenda kabla hujauza jerikani moja, na ada ya usajili nayo hupanda kadiri mtaji unavyopanda. Tena kuna lililo baya zaidi. Nimekwambia mwenye hisa anabanwa kwa kiasi cha hisa alizochukua. Ukichukua hisa za milioni 500 na kuzilipia milioni 4, zile milioni 496 bado kampuni inakudai wewe. Siku ikifilisika, mfilisi atagonga mlango wako akitaka salio la hisa zako, naye atakuwa na haki. Utakuwa umejenga ukuta kisha ukauwekea mlango wewe mwenyewe. Sheria haikulazimishi mtaji mkubwa kwa biashara kama yako. Andika milioni 5, hisa 500 za shilingi 10,000 kila moja, uzilipie kweli. Ushuru wa stempu hapo ni 25,000. Hospitali itatazama kama unaleta sabuni Jumatatu, na kama ina alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda. Mtaji ulioandikwa kwenye karatasi hauwapi sabuni.

Nije kwa kaka yako, maana barua yako yote inazunguka hapo.

Nilipokuwa natunza hesabu za wafanyabiashara Kampala nilikuwa na wateja wawili, ndugu wa tumbo moja, wenye duka la vipuri. Kampuni yao ilikuwa hisa 50 kwa 50, kwa sababu baba yao aliwaambia wagawane sawa. Walikwenda vizuri miaka minne. Kisha mmoja akataka kuuza pikapu ya duka wanunue mpya, mwenzake akakataa. Kwenye kikao kura ni moja dhidi ya moja, hakuna kilichopita. Benki ilitaka sahihi zote mbili, hakuna aliyetia. Kodi ya pango ikalala miezi mitatu. Asubuhi moja nilifika nikakuta mlango una kufuli mbili, kila ndugu ametia yake na ufunguo anao mfukoni. Mafundi wamesimama nje na pikipiki zao, bidhaa zimejaa ndani, na hakuna wa kuwauzia hata plagi. Hakuna aliyekuwa mwizi pale. Walishindwana tu, na hisa zao hazikuwaachia njia ya kuamua.

Ndiyo maana nasema usilipe shukrani kwa hisa. Karo aliyokulipia kaka ni deni la moyo. Utamlipa kwa heshima, kwa kumtunza akiugua, kwa kuwasomesha watoto wake ikibidi. Hisa ni kura. Mwenye zaidi ya nusu ndiye anayeweka na kuondoa wakurugenzi. Kubadili katiba ya kampuni au jina lake kunahitaji azimio maalumu, yaani robo tatu ya kura. Kwa hiyo mtu mwenye zaidi ya robo anaweza kukuzuia, na mwenye nusu anaweza kukusimamisha kabisa, naye yuko Juba, hajawahi kusimama juu ya pipa kuona povu linavyopanda.

Hata hivyo milioni 18 ni pesa nzito, na kaka ana haki ya kuuliza ziko wapi. Kosa lenu nyote wawili ni kutoandika. Mkalishe kwenye simu, siku ambayo hana haraka, umwambie hivi: kaka, pesa zako nazitambua, sitaki zipotee, nataka tuziandike. Mpe njia mbili. Ya kwanza, ambayo naipenda zaidi, ni mkopo. Mashine unaihamishia kampuni, kampuni nayo inakubali kwa maandishi kwamba inadaiwa na kaka milioni 18, na inamlipa 500,000 kila mwezi kwa miezi 36. Atakuwa na haki ya kudai pesa zake zote, kampuni iwe na faida au isiwe nayo. Ya pili, kama anataka hasa kuwa mwenye kampuni, achukue hisa zisizozidi 100 kati ya hizo 500, yaani 20%, azilipie kutoka kwenye zile 18, na pesa zinazobaki ziandikwe kuwa mkopo. Wewe ubaki na 400. Hapo robo tatu ya kura unayo mkononi.

Akisema hapana, biashara ni nusu yangu tangu 2022, mwulize kwa upole kama analijua deni la Nairobi. Watu wawili wanaofanya biashara pamoja kwa kugawana faida bila kampuni, sheria inaweza kuwahesabu kuwa wabia, na katika ubia wa kawaida kila mbia hubeba madeni ya biashara, hata kwa mali yake ya nyumbani. Sidhani kama hilo ndilo analolitaka. Usimwambie kwa ukali, ni kaka yako. Lakini alijue.

Hilo la kuandika jina la rafiki yake likatae moja kwa moja. Sheria ya kampuni ilirekebishwa mwaka 2022, na sasa kila kampuni ni lazima iandike na kumjulisha msajili wa makampuni ni nani hasa anayeimiliki au kuitawala, hata akiwa nyuma ya jina la mtu mwingine. Uganda ilikuwa imewekwa kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa udhaifu wa kuzuia pesa haramu, ikatolewa Februari 2024, na jambo hili la wamiliki halisi lilikuwa sehemu ya kazi iliyofanywa. Ukificha, anayevunja sheria ni kampuni yako wewe na wakurugenzi wake. Na fikiria rafiki huyo akifariki kesho: warithi wake watakuja na cheti chenye jina la marehemu wao, utawaambia nini?

Kuhusu mume wako, nazungumza kwa heshima kwa sababu ni baba wa watoto wako. Hofu yake ina msingi. Kiwanja chenu kiko kwenye dhamana na jina lake haliko popote kwenye biashara. Dawa yake si nusu ya hisa, dawa ni kukitoa kiwanja kwenye hatari. Lipa kwanza ule mkopo wa SACCO, hati irudi nyumbani, na umwonyeshe. Kama hutaki mwanahisa mwingine kabisa, sheria ya mwaka 2012 inaruhusu kampuni ya mtu mmoja. Ila ni lazima uteue watu wawili, mmoja wa kushika ukurugenzi ukifariki na mwingine wa akiba. Mume wako anaweza kuwa yule wa kwanza. Ni nafasi ya heshima na ina kazi ya kweli, kwa sababu kampuni ya mtu mmoja isiyo na mteule inaweza kukwama siku ya msiba, watoto wakiwa bado wadogo.

Rafiki yako amekudanganya kuhusu Nairobi. Deni ulilokopa wewe ni lako. Kampuni itakapozaliwa itazaliwa bila deni hilo, na muuzaji ataendelea kukudai wewe, isipokuwa akubali kwa maandishi kwamba sasa atalipwa na kampuni. Mlipe. Malighafi za mkataba mpya utazihitaji kwake.

Na ukuta wa kampuni una mahali unapotoboka. Benki ikitaka udhamini wako binafsi ukatia sahihi, kwa deni hilo umerudi kuwa mtu mmoja na kampuni. Kijana wako akiungua na kostiki kwa sababu wewe mwenyewe ulimwagiza achanganye bila glavu, uzembe wako unabaki wako. Mahakama Kuu nayo ina uwezo wa kulifunua pazia la kampuni, yaani kumfikia mwenyewe aliye nyuma yake, pakiwa na udanganyifu au ukwepaji kodi. Lakini wengi ninaowajua waliubomoa ukuta polepole kwa mikono yao: pesa ya jerikani inaingia kwenye simu ya mama, inanunua unga, inalipa karo, jioni inarudi nusu. Hakuna anayeweza kusema ipi ya kampuni na ipi ya nyumba. Kuanzia siku ya cheti, fungua akaunti ya benki ya kampuni na laini ya simu ya kampuni. Wewe ujilipe mshahara, tarehe moja kila mwezi. Ukiishiwa tarehe 20, ukope kwa jirani kabla ya kukopa kwenye droo ya kampuni.

Sasa fanya hesabu ya kodi kabla ya kutia sahihi na hospitali, hili naliomba sana. Leo unauza milioni 9 kwa mwezi, ni 108 kwa mwaka. Ongeza 5 za hospitali kila mwezi, unafika 168. Kizingiti cha kujisajili VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni milioni 150 kwa mwaka. Kwa hiyo VAT inakuja, na haiji kwa sababu ya kampuni, inakuja kwa sababu ya mauzo. Utatakiwa kutoa ankara kwa EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa URA, mamlaka ya mapato. Kama bei ya milioni 5 uliyowatajia ina VAT ya 18% ndani yake, karibu 763,000 kwa mwezi si zako, ingawa utapunguza VAT uliyolipa kwenye malighafi zenye ankara halali. Rudi kwa mtu wa manunuzi umwulize waziwazi: bei hii ni kabla ya VAT au baada? Mwulize pia kama URA imewateua kukata kodi ya zuio. Kama ndiyo, malipo yanayozidi milioni moja yatakujia yamekatwa 6%. Pesa hiyo haipotei, inahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka, lakini mfukoni utaihisi mwezi wa kwanza.

Biashara yako ya sasa, kwa sababu iko chini ya milioni 150, inalipa ile kodi rahisi inayofuata mauzo. Kampuni ya ukubwa unaouendea hulipa 30% ya faida. Tuseme mwaka unaisha na faida ya milioni 18 baada ya kutoa gharama zote pamoja na mshahara wako. Kodi ni 5,400,000, zinabaki 12,600,000. Ukizigawa kama gawio, yaani faida anayopewa mwenye hisa, zinakatwa tena 15%, yaani 1,890,000. Ndiyo maana mshahara wako uwe wa kweli, kwa sababu mshahara ni gharama inayopunguza faida, ingawa nao una PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara. Na wale vijana wanne wakatie NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, 10% kutoka kwa kampuni na 5% kutoka kwenye mshahara wao. Tangu marekebisho ya 2022 hakuna mwajiri aliye mdogo mno kwa hilo.

Usajili wenyewe ndio mwepesi kuliko yote haya. Unaweza kuufanya kwenye mfumo wa mtandaoni wa URSB, ofisi ya serikali ya kusajili biashara, au ufike ofisi yao ya Mbale. Uliza kama jina halijachukuliwa, ulihifadhi. Linakaa siku 30. Kisha majina ya wakurugenzi na wanahisa, anwani ya ofisi, katiba ya kampuni, wamiliki halisi, ushuru na ada. Katiba usichukue ile ya kunakili kwa kijana wa makaratasi. Tafuta wakili akuandikie mambo mawili kwa ukamilifu: mwanahisa akitaka kuuza hisa zake, ni lazima awauzie kwanza wenzake, na akifariki, warithi wake watalipwaje. Cheti kikitoka, badilisha leseni ya manispaa na kibali cha UNBS viwe vya jina la kampuni, na lile jina la biashara la zamani ulifunge rasmi. Taarifa ya mwaka ipelekwe kwa msajili kila mwaka, hata mwaka ambao hukupata faida. Kampuni isiyopeleka inaweza kufutwa kwenye daftari.

Lakini kabla ya Mbale, piga simu Juba. Tafuta kwanza risiti ya mashine na ule ujumbe wa simu wa siku pesa zilipoingia mwaka 2022, uviweke mezani mbele yako, halafu ndipo umpigie kaka.

Shangazi